Sensa ya betri shambani kwa laini ya simu: pima mtandao kabla hujanunua betri (Mbeya, Njombe, Iringa)

fundi_wa_Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Maswali ya aina moja yamekuwa mengi kutoka kwa wadau wa huku Nyanda za Juu Kusini. Mtu anataka kisanduku shambani kinachopima joto na unyevu wa hewa, au kimo cha maji kwenye tenki la kijiji, kitume taarifa kwenye simu, na kikae miezi bila kuguswa. Swali la kwanza huwa "ninunue betri gani?". Naomba hilo lije baadaye. Kupima joto kunakula umeme kidogo mno. Kinachomaliza betri ni modemu (kile kipande kinachobeba laini ya simu) inayohangaika kutafuta mnara. Ukishajua pale unapotaka kufunga pana mtandao gani na una nguvu kiasi gani, hesabu ya betri inakuwa rahisi. Usipojua, hata betri kubwa itakuangusha.

Vifaa hivi ndiyo kazi yangu. Vingi nimewafungia wakulima wa viazi upande wa Isongole na Igoma, kwa sababu ya bakajani. Mnaolima viazi mnaujua huu ugonjwa: unyevu ukikaa kwenye majani muda mrefu, shamba linaungua ndani ya siku chache. Uingereza wana kanuni inayoitwa Hutton, iliyoanza kutumika 2017: siku mbili mfululizo joto la chini lisipungue nyuzi 10, na kila siku kuwe na angalau saa 6 ambazo unyevu wa hewa umefika asilimia 90. Kabla ya hapo walitumia kanuni ya Smith, iliyodai saa 11. Msiichukue kanuni ya Uingereza kama ilivyo mkaipeleka Uporoto, maana usiku wa huku juu unaweza kushuka chini ya nyuzi 10 na bado mkulima akaona madoa kwenye majani. Lakini inakuonyesha unachohitaji: usomaji wa kila saa, mchana na usiku, bila kukatika. Kipimo cha mara moja kwa siku hakisaidii kitu hapa.

Sasa mtandao.

Ukisoma maelezo ya nje utaambiwa sensa ya betri ni NB-IoT au LTE-M, basi. Hizi ni aina mbili za mtandao wa simu zilizosanifiwa kwa ajili ya vifaa vidogo, na viwango vyake vilikamilishwa 2016. NB-IoT hutumia mkanda mwembamba wa kilohezi 180 tu, na ilisanifiwa ifike mahali ambapo ishara ni dhaifu kwa takriban desibeli 20 kuliko pale GPRS ya zamani (data ya 2G) ilipokuwa ikikoma. Ndiyo maana inaweza kufika ndani ya kisima au nyuma ya kuta nene. Juu ya hilo ina usingizi unaoitwa PSM: modemu inalala kabisa, mtandao unaikumbuka, na ikiamka haianzi usajili upya.

Yote hayo ni kweli kama mnara ulio juu ya kilima chako umewashiwa huduma hiyo. Mnara wa mjini Mbeya kuwa nayo hakukuambii lolote kuhusu mnara wa bondeni kwako. Kwa hiyo uliza kampuni ya simu, tena kwa maandishi: je, NB-IoT au LTE-M ipo kwenye mnara unaohudumia kijiji changu? Laini za mashine zinauzwaje? APN yake (jina la njia ya data unaloandika kwenye modemu) ni ipi? PSM inaruhusiwa? Wakishindwa kujibu, jipange kama vile haipo.

Kwa sababu hiyo mimi hununua modemu inayobeba njia zaidi ya moja. SIM7000G ina LTE-M, NB-IoT na 2G pamoja. Quectel BG95-M3 vilevile. Angalieni SIM7080G, inafanana jina na nyingine lakini haina 2G kabisa. Ukiipeleka mahali ambapo NB-IoT haijafika, una kipande cha plastiki. Yenye 2G inakupa pa kuangukia leo, na huduma mpya ikija unabadilisha amri tu bila kubadilisha kisanduku.

Kipimo chenyewe hufanyika shambani, pale pale nguzo itakaposimama, na antena ile ile utakayotumia. Usipimie barabarani. Simu yako kuonyesha vijiti vitatu hakutoshi, kwa sababu simu inarukia 4G, 3G, chochote. Chukua kompyuta ndogo, unganisha modemu (hapa ni SIM7000G), andika amri hizi:

AT+CPIN? (ijibu READY, yaani laini imesomwa)
AT+CNMP=38 kisha AT+CMNB=2 (NB-IoT peke yake)
AT+CEREG? (0,1 au 0,5 maana yake imesajiliwa, 0,2 bado inatafuta, 0,3 imekataliwa)
AT+CSQ (nguvu ya ishara)

Ipe muda, mara ya kwanza utafutaji unaweza kuchukua dakika kadhaa. Ikigoma, badilisha AT+CMNB=1 ujaribu LTE-M. Ikigoma tena, AT+CNMP=13 uende 2G, na hapo usajili utausoma kwa AT+CREG?. Namba ya CSQ inaanzia 0 hadi 31, na 99 maana yake haijulikani. Kupata dBm (kipimo halisi cha nguvu ya ishara, kadiri inavyokaribia 0 ndivyo ilivyo nzuri), zidisha kwa 2 kisha toa 113. CSQ 7 ni -99 dBm, CSQ 17 ni -79. Kwa 2G mimi nikipata chini ya 10 nahamisha nguzo au napandisha antena kabla ya kufanya kitu kingine.

Andikeni mlipo na mlichopima, tusaidiane. Mambo ya betri, boksi na antena nitayagusa kadiri mtakavyouliza.

---

kijana_Kinyanambo

Mkuu asante kwa uzi, umekuja wakati wake. Niko Mafinga. Nina bodi ya ESP32 (chipu inayoendesha programu) ile ya kawaida yenye tundu la USB, modemu ya 2G ya SIM800L, sensa ya joto ya DS18B20, na betri ya lithiamu ya 18650 iliyoandikwa 9900 mAh. Natuma kila saa. Betri haimalizi hata wiki tatu, na programu nimeiweka ilale usingizi mzito katikati. Kuna wakati modemu inajizima na kuwaka yenyewe ikianza kutuma. Tatizo ni mtandao au betri?

---

fundi_wa_Uyole

Mdogo wangu, yapo matatu kwa pamoja, ngoja tuyatenganishe.

Kwanza betri. 18650 nzuri kabisa za kawaida huwa na mAh 3500 hivi. Iliyoandikwa 9900 ni uongo wa lebo, na mara nyingi ndani mna chini ya nusu ya ile ya kweli. Ipime kwa chaja inayohesabu mAh, au ipime uzito: ya kweli hukaribia gramu 45 na kuendelea.

Pili bodi. ESP32 yenyewe ikilala usingizi mzito inakula mikroampea 10 hivi. Lakini bodi uliyonayo ina regyuleta (kipande kinachoshusha volti) ya AMS1117, ambayo peke yake hunywa miliampea 5 hivi hata kama hakuna kinachofanyika, bado hujaweka ile chipu ya USB na taa nyekundu. Piga hesabu nami. Miliampea 5 kwa saa 24 ni mAh 120 kwa siku. Tuseme betri yako ni ya kweli, 3000, na utumie asilimia 80, yaani 2400. Umebakiwa na siku 20, kabla hata hujatuma ujumbe mmoja! Programu yako inalala vizuri, bodi ndiyo iko macho. Tumia moduli tupu ya ESP32 na regyuleta kama MCP1700, ambayo yenyewe hula mikroampea 1.6 tu. Wi-Fi usiiwashe, maana MCP1700 inatoa miliampea 250 mwisho.

Halafu AMS1117 hutaka umeme unaoingia uzidi unaotoka kwa volti moja hivi. Betri ya volti 3.7 haiwezi kuipa nafasi hiyo ikatoa 3.3 safi.

Tatu, kujizima. SIM800L inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inapotuma kwa 2G inavuta mkondo unaofika ampea 2 kwa vipande vifupi sana vya sekunde. Ukiweka mita ya kawaida utaona 3.9 imetulia, ukaamini umeme uko sawa. Mita haiwahi kuona ule mporomoko. Weka kapasita ya mikrofaradi 1000 au zaidi karibu kabisa na miguu ya umeme ya modemu, ile yenye upinzani mdogo wa ndani, na nyaya za kutoka kwenye betri ziwe fupi na nene. Nyaya nyembamba za majaribio ndizo zinazoangusha wengi hapa.

Baada ya hapo njoo kwenye kutuma. Tuseme ishara ni nzuri, kila kutuma kunachukua sekunde 45 kwa wastani wa miliampea 80. Hiyo ni mAh 1. Ukituma kila saa ni 24 kwa siku, betri ile ile inakupa siku kama 98. Ukipima kila saa lakini ukakusanya na kutuma mara 4 kwa siku, ni mAh 4, ukijumlisha usingizi wa mikroampea 15 unaongeza 0.36. Siku 550. Sasa geuza upande wa pili: ishara mbaya, modemu inahangaika dakika 3 kwa wastani wa miliampea 150. Kila kutuma ni mAh 7.5, mara 4 ni 30. Hata ukituma mara 4 tu kwa siku, unabaki na siku 79. Betri ni ile ile, programu ni ile ile. Kilichobadilika ni nguzo imesimama wapi.

---

mama_parachichi

Kamwene wote. Mimi si fundi, nina parachichi Njombe na kipande cha viazi kuelekea Makete. Ninachotaka ni kitu kimoja: sakitu ikitaka kushuka, mwezi wa sita hadi wa nane, nipate ujumbe usiku ule ule. Sitaki programu ya simu wala grafu. Kijana aliyenifungia kifaa mwaka jana alikiweka ukutani kwenye ghala na kikawa kinasoma nyuzi 8 wakati miche imeungua. Nifanyeje, mwanangu?

---

fundi_wa_Uyole

Shikamoo mama. Pole kwa miche.

Kifaa hakikukosea, kilisoma joto la ukuta. Ukuta hukusanya joto la mchana na kulitoa usiku. Na usiku wa sakitu, anga likiwa jeupe na hakuna upepo, hewa iliyo karibu na ardhi huwa baridi kuliko ile ya juu kwa nyuzi kadhaa. Baridi hiyo nzito huteremka na kujaa bondeni. Kwa hiyo sensa iwe shambani, sehemu ya chini kabisa ambako miche huungua kwanza, na iwe na kivuli chake: sahani nyeupe za plastiki zilizopangwa moja juu ya nyingine zikiachiana nafasi, hewa ipite, jua lisiguse. Vituo vya hali ya hewa hupima kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Kwa sakitu, mama, mwambie kijana aweke sensa ya pili ya DS18B20 chini, usawa wa miche. Bei yake ni ndogo na waya wake unaweza kuwa mrefu.

Onyo lisisubiri nyuzi 0. Ikiwa sensa ya juu imefika 3 na bado inashuka kabla ya saa nane usiku, ujumbe utoke. Hapo una muda wa kuamsha watu, kufunika kitalu au kuwasha maji.

Kwenye programu kijana aweke kanuni mbili: siku za kawaida kifaa kitume mara 2 kwa siku, lakini joto likishuka chini ya nyuzi 5 kipime kila dakika 10, na kikivuka mstari wa hatari kitume papo hapo kwa ujumbe mfupi kwenda namba tatu, yako na za watu wawili walio karibu na shamba. Ujumbe mfupi unapita hata kwenye 2G dhaifu ambako data inakwama.

Na amweleze kijana: DS18B20 ikisoma 85 kamili, hiyo ndiyo namba inayowaka nayo kabla haijapima, hakuipa muda wa milisekunde 750. Ikisoma -127, waya umekatika. Namba hizo zisipelekwe kama joto. Nimeona watu wakiamshwa usiku na -127.

---

nodi_moja

Wakuu salaam, nipo Iringa, nafanya kazi za mifumo ya namna hii. Naongezea kwa wale watakaobahatika kupata NB-IoT au LTE-M mahali pao, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hudhani wamewasha PSM kumbe hawajaipata.

PSM inaombwa, mtandao ndio unaoamua. Kifaa kinapeleka taima mbili. T3412 ni muda wa kujitokeza tena kwa mtandao hata kama huna cha kutuma. T3324 ni muda wa kubaki macho baada ya kumaliza kutuma, iwapo kuna jibu linakuja. Mfano:

AT+CPSMS=1,,,"00111000","00000101"

Zinasomwa hivi: tarakimu tatu za mwanzo ni kipimo, tano za mwisho ni idadi. Kwenye T3412, 001 ni saa moja, na 11000 ni 24, kwa hiyo saa 24. Kwenye T3324, 000 ni sekunde 2, na 00101 ni 5, kwa hiyo sekunde 10. Angalieni: kipimo cha 000 kwenye T3412 ni dakika 10, si sekunde 2. Vipimo vya taima hizi mbili havifanani, msinakili kimoja kwenda kingine.

Halafu weka AT+CEREG=4 na uulize AT+CEREG?. Mwishoni mwa jibu utaona taima ulizopewa kweli. Zikikosekana, hujapewa PSM. Zikiwa tofauti na ulizoomba, panga programu yako kwa ulizopewa.

T3412 iwe ndefu kuliko kipindi chako cha kutuma. Ukituma kila saa 6 na T3412 ni saa 2, modemu itaamka bure mara mbili katikati kusalimiana na mnara.

Na kifaa kikiwa kwenye PSM hakipatikani. Ukikitumia amri, itasubiri hadi kiamke. Kwa sensa hilo halina shida. Kwa valvu ya maji unayotaka kuifunga kutoka nyumbani, tumia eDRX, ambayo husikiliza kwa vipindi. Kwenye NB-IoT vipindi hivyo hufika karibu saa 3, kwenye LTE-M huishia dakika 43 na ushee.

---

fundi_wa_Uyole

Nodi_moja, nashukuru sana, hiyo ya kusoma jibu la mtandao ndiyo watu wanayoiruka.

Kwa upande wa 2G, ambako wengi wetu ndiko tulipo leo, mimi huikatia modemu umeme kabisa kwa transista baada ya kutuma. Kabla ya kukata, AT+CPOWD=1 ili iage mtandao na kujizima kwa utaratibu.

Kisha weka kikomo. Hii naisisitiza kuliko zote. Modemu ipewe sekunde 90. Haijasajiliwa? Zima, hifadhi vipimo kwenye kumbukumbu, jaribu zamu ijayo. Ikishindwa mara ya pili, ruka zamu moja, kisha mbili. Kuna siku mnara unakosa umeme, na hapo kifaa kisicho na kikomo kitatafuta usiku kucha hadi betri iishe. Mnara unarudi asubuhi, kifaa chako hakirudi. Usipoteze vipimo vya usiku ule: kila kimoja kiwe na saa yake, vyote viende siku mawasiliano yakirejea.

Na kwenye kila ujumbe weka vitu vitatu zaidi ya vipimo: volti ya betri, CSQ, na sekunde zilizotumika kusajiliwa. Hizo sekunde zikianza kupanda wiki hadi wiki, antena imelegea, au maji yameingia kwenye kiungo, au miti imekua mbele yake. Utajua kabla betri haijalalamika.

---

bonde_la_Usangu

Kwa nini msiende LoRa, redio ya masafa marefu isiyopitia mnara wa simu? Hakuna laini, hakuna bando, betri inakaa miaka.

---

nodi_moja

Mkuu, kwa shamba kubwa lenye sensa nyingi LoRa ni chaguo zuri sana, hasa tambarare kama Mbarali ambako unaona mbali. Unaweka kituo kimoja chenye laini na sola, sensa zote zinazungumza nacho. Lakini mkulima wa Isongole ana ekari moja na sensa moja, na kati yake na jirani kuna kilima. Kituo cha LoRa kitakuwa ghali kuliko shamba lenyewe, na bado kitahitaji laini ile ile. Sensa moja moja zilizotawanyika, mtandao wa simu. Sensa nyingi pamoja, LoRa.

---

kijana_Kinyanambo

Nimewasoma wakuu. Nimetoa bodi ile, nimeagiza moduli tupu. Maswali ya mwisho: antena, boksi, na bando. Bando la wiki likiisha kifaa kinanyamaza, inabidi nipande bodaboda kwenda kukiangalia kumbe ni vocha tu.

---

fundi_wa_Uyole

Antena: 2G yetu iko kwenye megahezi 900 na 1800. Antena nyingi fupi zinazouzwa madukani ni za Wi-Fi, megahezi 2400, na kwa macho hazina tofauti na za simu. Ukifunga ya Wi-Fi modemu itasajiliwa kwa shida na utalaumu mnara. Nunua iliyoandikwa masafa yake, kisha uithibitishe kwa CSQ: pima na ile, pima na hii, mahali pale pale. Angalia pia kiungo, kuna zenye sindano katikati na zenye tundu. Zikikutana mbili zenye tundu zinakazika vizuri kabisa, ila hakuna kinachogusana ndani. Antena isikae ndani ya boksi la chuma, na isilazwe kwenye nguzo ya chuma.

Boksi: adui wa huku kwetu ni ukungu kuliko mvua. Boksi lililofungwa kabisa linapata joto mchana, usiku linapoa na kuvuta hewa yenye unyevu kupitia upenyo wowote, asubuhi kuna matone juu ya bodi. Waya ziingie kwa chini kupitia glandi, zipinde chini kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondokee nje. Weka kifuko cha silika ndani, na paka vanishi ya bodi kwenye saketi isipokuwa kwenye sensa ya unyevu. Hiyo sensa ya unyevu ikae nje ya boksi ndani ya kivuli chake, la sivyo unapima hali ya hewa ya boksi.

Betri za aina nyingine: zipo za lithiamu zisizochajiwa, ER34615, volti 3.6, mAh 19000, zinapoteza takriban asilimia 1 tu kwa mwaka zikikaa. Zinafaa sana kwa NB-IoT. Kwa 2G haziwezi peke yake, ule mkondo wa ampea 2 unaziangusha, hasa zikiwa zimekaa kimya muda mrefu, maana ndani hujijengea utando. Lazima ziambatane na kapasita kubwa maalumu. Kwa baridi ya Makete nakushauri 18650 mbili za kweli sambamba, kutoka kundi moja na zenye chaji sawa, na zisichajiwe joto likiwa chini ya nyuzi 0. Sola ndogo inasaidia, ila kwenye miezi ya mawingu usiihesabu, na shambani sola inaonekana kwa mbali na watu wenye mikono mirefu.

Bando: data yenyewe ni kidogo. Ujumbe mmoja na vichwa vyake vyote kwa UDP (njia nyepesi ya kutuma data), tuseme baiti 300, mara 120 kwa mwezi, ni kilobaiti 36. Hata megabaiti 1 hufikishi. Kinachokuumiza ni muda wa bando kuisha. Nenda kampuni ya simu uulizie laini ya mashine yenye malipo ya muda mrefu. Ukikosa, chukua bando la mwezi na ujiwekee kumbusho. Laini isajiliwe kwa jina la mwenye shamba, kwa NIDA yake na alama zake za vidole, usimsajilie kwa jina lako fundi. Na kama unafikiria kuviuza vifaa hivi kwa wingi, pita TCRA (mamlaka ya mawasiliano), wana ofisi ya kanda hapa Mbeya, uulize habari ya kuidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla hujaagiza.

---

mwakaleli_juu

Ndaga fijo kwa uzi huu. Mimi ni wa kamati ya maji. Tenki letu liko juu ya kijiji, chanzo kiko kwenye korongo ndani ya msitu. Kila mvua kubwa majani yanaziba banio, tunajua tenki limekauka wakati mabomba yameshakauka. Tulitaka sensa pale kwenye chanzo. Leo nimepima kama ulivyoelekeza, 2G: korongoni CSQ 3, mara nyingine 99. Juu ya tenki CSQ 16. Tufunge antena ndefu korongoni?

---

fundi_wa_Uyole

Ndaga mkuu, umefanya kipimo sahihi kabisa.

Acheni korongo. CSQ 3 ni -107 dBm, na hiyo ni siku kavu. Majani yakilowa itapungua tena. Fungeni kwenye tenki, -81 inatosha sana, na tenki litawaambia habari za chanzo. Tumieni sensa ya mwangwi isiyoingia maji, kama JSN-SR04T, ichungulie maji kutoka kwenye mfuniko. Iachieni sentimita 25 au 30 juu ya kimo cha juu kabisa cha maji, karibu zaidi ya hapo haisomi.

Pimeni kila dakika 30. Usiku wa manane kijiji kimelala, matumizi yako karibu na sifuri, kwa hiyo kati ya saa sita na saa kumi usiku kimo cha tenki kinatakiwa kupanda, au kubaki juu kama limejaa. Kikibaki pale pale tenki halijajaa, au kikishuka, ama banio limeziba ama bomba limepasuka. Hapo kifaa kitume ujumbe kwa mtunza bomba saa kumi na moja alfajiri, awahi chanzo kabla kina mama hawajafungua koki. Wiki mbili za kwanza msitume onyo lolote, rekodini tu, muone usiku wa kawaida tenki lenu hupanda sentimita ngapi. Kisha mstari wa onyo wekeni nusu ya hapo.

Nitumie kipenyo cha tenki na kimo cha bomba la kutolea maji ya ziada, nikupangie hesabu ya lita.

---

mwakaleli_juu

Tenki ni la duara, kipenyo mita 4, bomba la ziada liko mita 2.1 kutoka sakafuni.

---

fundi_wa_Uyole

Basi kila sentimita moja ni lita 125 na kidogo, na likijaa ni lita 26,000 hivi. Mfuniko ukiwa chini ya mita 2.4 kutoka sakafuni, nyanyueni sensa kwa kipande cha bomba pana la plastiki, sentimita 30, tundu liwe pana ili mwangwi usirudi kutoka ukutani mwa bomba. Mkishafunga, nibandikieni hapa vipimo vya usiku wa kwanza.